Nitoe

Nilimfungia Barafu kwenye simu yangu siku ya Jumatatu, saa tano asubuhi, nikiwa juu ya ngazi katika sebule ya watu, tepu ya kupimia shingoni na penseli mdomoni. Mwenye nyumba alikuwa amesimama chini ananieleza kwamba anataka mapazia mazito yasiyopitisha jua, maana mumewe anafanya kazi usiku na kulala mchana. Nikamwambia yatapatikana. Nikapima dirisha la pili, nikaandika upana na urefu, nikashuka, nikaaga kwa adabu zote. Nilipofika nje ya geti nikakaa kwenye ukingo wa mtaro nikalia mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimenyimwa kazi.

Kazi nilikuwa nimeipata. Mchumba ndiye niliyekuwa nimempoteza, tena kwa neno moja.

Niseme mapema kwamba mimi nina hasira za karibu. Mama anasema nilizaliwa nimekunja uso, na mafundi wenzangu dukani wanajua siku ya kunipisha. Lakini Jumatatu hiyo hata mtu mpole angeshindwa. Wiki tatu nyuma nilikuwa nimetolewa uvimbe kwenye titi la kushoto, na majibu yalikuja yale ambayo kila mtu aliniombea yasije. Nina miaka ishirini na nane. Kidonda kilikuwa kinapona vizuri. Kilichobaki zilikuwa dawa za saratani za kuingizwa kwenye mshipa, ambazo zingeanza baada ya wiki mbili kamili na kuendelea kwa miezi. Na asubuhi ileile, kabla sijapanda ngazi ya watu, nilikuwa nimetoka kwa daktari wa uzazi.

Daktari huyo ni mama mfupi, miwani yake imefungwa kamba, na hazunguki. Aliniambia kwamba dawa nitakazopewa hazichagui. Zinaua saratani, na njiani zinaweza kuua mayai yangu ya uzazi pia. Pengine yangebaki baadhi, pengine yasibaki kabisa, na hakuna wa kunihakikishia. Kwa hiyo, kama nilikuwa natamani mtoto siku moja, ulikuwepo mlango mmoja mdogo wa wiki mbili. Sindano tumboni kila jioni ili mayai mengi yakomae kwa pamoja, vidonge vya kuzuia homoni isipande ikaniletea balaa lingine, halafu mayai yanatolewa na kugandishwa. Nikipona, nitayakuta.

Kisha akaniuliza kama nina mtu. Nikasema ninaye. Akasema basi nimuulize, maana mayai yanaweza kugandishwa peke yake, au yakachanganywa kwanza na mbegu za mwenzangu yakagandishwa yakiwa yamesharutubishwa. Alitaka jibu kabla ya siku ya kuyatoa.

Mtu niliyekuwa naye ni fundi wa mafriji. Jina lake la kuzaliwa halitumiki na mtu. Kazini, mtaani, hata kwao, anaitwa Barafu. Tulikutana miaka miwili iliyopita katika nyumba moja, mimi nikitundika mapazia ya jikoni, yeye akiwa amelala kifudifudi nyuma ya friji, miguu tu ikionekana. Nilimkanyaga. Hakulalamika, aliomba tu nimpe koleo. Ni mtu wa maneno machache kupita kiasi, mrefu, mikono yake ina makovu madogo ya kukatwa na mabomba ya shaba, na akikuangalia unahisi amekusikia hata kama hujasema. Nilimpenda kabla sijaiona sura yake vizuri, na hilo sioni aibu kulisema.

Basi nikamwandikia pale pale nikitoka kwa daktari: daktari anauliza kama mayai yangu yagandishwe peke yake au yachanganywe na mbegu zako, wewe unasemaje? Nikaenda kazini kwangu. Jibu likanikuta juu ya ngazi.

Nitoe.

Hilo tu. Nikalisoma mara nne. Nimtoe. Nimtoe kwenye mayai, nimtoe kwenye ugonjwa, nimtoe kwenye maisha yangu, kila mtu ashike njia yake. Na sikushangaa sana, hilo ndilo lililoniuma zaidi. Siku ya tatu baada ya upasuaji mama yake alikuja kuniona hospitali. Alinishika mkono na kunipa pole ya kweli, sikatai. Halafu akainama akaniambia kwamba mwanawe ni wa pekee, hana ndugu, na kwamba kama nampenda nitajua la kufanya. Sikumweleza Barafu. Nilimeza, nikaanza kuisubiri siku ambayo na yeye ataelewa hesabu za mama yake. Nikadhani ndiyo hiyo.

Nikamwandikia asinitafute tena, nikamfungia. Mchana nikampigia daktari nikasema yagandishwe peke yake. Akauliza kama nimeshaongea na mwenzangu. Nikasema tumeelewana.

*

Nyumbani kulikuwa na vita vya pili.

Mama alikuwa mpiga chapa ofisini kwa miaka thelathini, na mpaka leo anaongea kama mtu anayeogopa kupoteza karatasi. Nilipomweleza habari za sindano aliuliza kama zitachelewesha dawa za saratani. Nikamwambia hapana, daktari wangu wa saratani ndiye aliyenituma, tarehe ni ileile, kidonda chenyewe bado kinahitaji hizo wiki mbili. Akauliza tena. Nikamjibu tena. Akasema madaktari wanasema mengi.

"Mama, ni mayai yangu," nikamwambia.

"Na wewe ni mtoto wangu. Mimi sijaomba mjukuu. Nimekuomba wewe."

Tulibaki tunaangaliana jikoni, kila mmoja amekunja uso uleule, maana uso huu nimeutoa kwake. Sikuwa na nguvu ya kugombana na watu wawili siku moja. Nikamwambia pia kwamba jina la Barafu lisitajwe tena ndani ya nyumba ile, na asiniulize kwa nini. Akatazama dawa nilizoshika, akanipokonya, akaziweka kwenye rafu ya katikati ya friji, mbali na mlango, akasoma maelekezo yote mpaka jina la kiwanda.

Jioni ikafika, sindano nikashindwa. Mimi ninayechomwa na sindano za cherehani kila siku, nilikaa kitandani nimebana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, mkono wa pili hautaki kushuka. Mama alisimama mlangoni akinitazama dakika nzima. Kisha akaingia, akavaa miwani, akaniambia niache kutetemeka, akanichoma. Hakuumiza. Akaweka pamba, akaandika saa kwenye daftari, akatoka bila kuniaga.

Ikawa hivyo kila siku. Mama hakubali, na Mama hakosi. Saa moja jioni anakuja, uso umefungwa, anachoma tumbo upande wa kushoto, kesho yake wa kulia. Mchana mimi nashona dukani. Tumbo likaanza kujaa, nikawa nakaa upande kama mwenye jipu. Kila baada ya siku mbili nilikwenda kupimwa kwa mashine, na daktari ananionyesha viduara vyeusi kwenye kioo, vinakua. Nilifurahi navyo peke yangu. Nikitoka pale mkono wangu ulikuwa unakwenda kwenye simu kumwambia mtu, halafu nakumbuka mtu mwenyewe hayupo.

Nilimkosa jamani. Nisidanganye. Nilikuwa nimemfungia asinipigie, lakini ujumbe wake wa zamani sikuufuta, na kila nikipata nafasi niliusoma wote, kuanzia juu, mpaka nifike kwenye lile neno. Hapo nalia, naweka simu chini, nashika mkasi.

*

Siku ya kumi ilikuwa Jumatano. Daktari alipima, akasema inatosha, mayai yamefika. Ilibaki sindano moja tofauti na zile nyingine, ya kuyakamilisha, na hiyo ilitakiwa kuchomwa saa moja kamili jioni, si dakika tano kabla wala tano baada, kwa sababu Ijumaa saa moja asubuhi ndipo yangetolewa. Muuguzi alisema atanitumia maelekezo kwa ujumbe ili nisisahau.

Saa kumi na mbili jioni Mama aliniomba simu ayasome mwenyewe. Haamini masikio yangu kwenye mambo ya dawa. Nikampa, nikaenda kuoga. Niliporudi nilimkuta amekaa mezani na miwani yake, amekunja paji la uso, anasoma kwa sauti ya chini, kidole kinafuata mistari.

"Umekula," anasoma. "Umefika. Kidonda kinauma. Nije. Umelala." Akaniangalia juu ya miwani. "Huyu mtu hana alama ya kuuliza kwenye simu yake?"

Nilijua mara moja amefungua wapi. Nikanyoosha mkono nichukue simu, akaisogeza mbali. Nikamwambia si hapo, maelekezo ya muuguzi yako kwingine, na nilishasema huyo asitajwe.

"Sijamtaja. Nasahihisha." Akaendelea kusoma. Mama hawezi kuacha karatasi katikati. Aliwahi kunisimulia kwamba bosi wake alimpa kupiga chapa barua ya kuuliza kama mkataba umevunjika, akasahau alama ya kuuliza, na watu kumi na wanane wakakusanya vyombo vyao wakaenda nyumbani. "Halafu hapa. Nitoe." Kidole kikasimama. "Atoe nini?"

"Anasema nimtoe," nikamwambia. "Mimi nimtoe yeye. Ameomba kutoka, nimemtoa. Sasa nipe simu."

Mama alivua miwani. Akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa tena. Akapandisha mstari mmoja juu akasoma ujumbe wangu mimi, ule wa daktari anauliza. Akasoma jibu. Akarudi juu.

"Umemuuliza mtu habari za mbegu zake," akasema polepole. "Mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kuweka alama ya kuuliza. Akakujibu, nitoe. Na wewe ukaelewa anataka kutolewa?"

Nilivuta kiti nikakaa.

Nitoe? Nitoe mbegu? Unataka nitoe? Swali lilikuwa pale siku zote kumi. Nililigeuza upande huu na ule kichwani, na kila nikiligeuza likazidi kuwa la Barafu. Ndivyo anavyosema yeye. Ukimwambia una kiu haulizi maswali, anasema nilete, anasimama. Anasubiri neno moja tu kutoka kwako ili ainuke. Na mimi nilimjibu asinitafute.

"Tena si hivyo tu," akasema Mama, na sasa alikuwa anatazama dirisha. Nikaona kitu ambacho sijazoea kukiona usoni kwake. Alikuwa na aibu. "Ulisema asitajwe, sikumtaja. Lakini lile friji letu unalijua. Asubuhi baada ya sindano ya kwanza nimekuta chupa ya maji ya rafu ya katikati imeshika barafu, dawa zenyewe bado hazijaganda. Na karatasi ya dawa imeandika zikiganda zimeharibika. Mimi namjua fundi mmoja tu."

"Ulimwita hapa?"

"Alikuja mchana uko dukani. Akabadilisha kidude cha nyuma, akaweka kipimajoto ndani. Nikamwambia asante, nenda. Kesho yake saa sita karudi kuangalia. Keshokutwa karudi. Haulizi chochote. Anafungua friji, anasoma kipimajoto, anaandika kwenye kikaratasi, ananiamkia, anaondoka. Leo pia alikuja." Akanirudishia simu. "Mtu anayetaka kutolewa hafanyi hivyo. Nilifikiri mmegombana ya kwenu tu. Kama ningejua ni hili neno ningekusomea siku ileile."

Saa kumi na mbili na robo. Nilimfungua nikampigia. Simu haikumaliza mlio wa kwanza.

"Friji limegandisha?" akauliza.

Kwa sauti, alama zake zote zilikuwepo. Nilizisikia. Nikamwambia friji ni zima, aje. Akauliza kama ninaumwa. Nikamwambia aje tu.

*

Alifika saa moja kasorobo, amevaa ovaroli la kazi, goti moja limelowa maji ya friji la watu. Alimwamkia Mama, Mama akaitikia na kukumbuka ghafla kwamba ana shughuli jikoni. Barafu akabaki amesimama katikati ya sebule. Alikuwa amekonda. Alinitazama usoni, akashuka mpaka tumboni palipovimba, akarudi usoni, na sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nikaanza na ugomvi.

"Kwa nini huweki alama ya kuuliza?"

"Alama gani?"

Nikamwonyesha simu. Alisoma lile neno lake mwenyewe, akalisoma tena, na nikaona linavyomwingia.

"Nilikuwa nyuma ya jokofu la duka la nyama," akasema. "Mkono mmoja umeshika bomba la gesi. Niliandika kwa kidole gumba. Nilikuwa nakuuliza."

"Najua. Nimejua leo."

"Siku kumi ulidhani nimesema hivyo?"

"Mama yako aliniambia wewe ni wa pekee. Nikajua umeshafikiria."

Hilo hakulijua. Alikaa kwenye kiti cha mbele yangu, magoti yetu karibu kugusana, akataka nimweleze lini na wapi. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ataongea na mama yake, na kwamba mama yake ana maneno yake na yeye ana yake. Hakuongeza. Kwa Barafu hiyo ni hotuba.

"Na wewe ulidhani nini?" nikamuuliza. "Simu haiingii, nimekuambia usinitafute. Kwa nini hukuja kunigombeza?"

Alitazama mikono yake. "Nilidhani umeamua kunitoa kweli. Mgonjwa ana haki ya kuchagua nani awe karibu naye. Nikasema basi, nisimsumbue. Angalau dawa zake zisigande."

Nilimpiga ngumi ya bega. Halafu nikaliegemea bega hilohilo, nikalia juu ya ovaroli linalonuka grisi, na yeye akanishika kwa uangalifu wote wa dunia, upande wa kulia, mbali na kidonda. Aliniuliza kama ananiumiza. Nikamwambia asiniachie. Nilikuwa nimebeba jiwe siku kumi na mtu amelitua. Aliniomba radhi kwa neno lake, nikamwomba radhi kwa langu, tukaambiana kwamba sisi ni wajinga, na kwa mara ya kwanza toka majibu yale nilicheka mpaka tumbo lililojaa likauma.

"Saa moja kasoro dakika nane," akasema Mama toka jikoni.

Palikuwa na jambo moja bado. Nilikaa sawa nikafuta uso. Nikamwambia daktari nilishampa jibu kwamba mayai yagandishwe peke yake, lakini muda upo mpaka Ijumaa asubuhi, bado linaweza kubadilishwa. Barafu hakudakia. Alinitazama.

"Wewe unataka nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kumpa jibu la kumfurahisha. Nilimwonea huruma, nilikuwa nimemtesa, na mdomo ulishafunguka. Lakini nilipotafuta maneno yale sikuyakuta.

"Nikikuambia utachukia."

"Sema."

"Nataka yabaki yangu peke yangu. Nilidhani umeniacha, Barafu. Nililia dukani mpaka kitambaa cha watu kikaingia madoa. Lakini ikifika jioni nilipandisha blauzi nikachomwa, kila siku, na sikuwa nafanya kwa ajili yako wala ya mtu. Nilikuwa najifanyia mimi. Sijawahi kujifanyia kitu kigumu namna hii."

Niliogopa. Mama jikoni alikuwa ameacha kugonga vyombo.

"Na mimi?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Wewe upo. Wewe sina haja ya kukugandisha."

Akacheka kwa pua, akainamisha kichwa. Aliponyanyua macho, yalikuwa yamelowa, lakini uso ulikuwa umetulia.

"Yawe yako," akasema. "Ndivyo nilivyoona hata mimi, ila nilikuwa tayari kutoa, kama ungetaka. Yakiwa yako, mama yangu hana la kusema juu yake. Wala mimi, nikija kupata wazimu siku moja. Friji lako, ufunguo wako. Ukipona ukanihitaji, niambie."

"Nitakuandikia."

"Usiandike. Piga."

Mama akaingia na dawa mkononi, saa ya ukutani imetolewa msumarini na kubebwa kwapani ili asikosee. Nikapandisha blauzi. Barafu alinishika mkono akageuza uso ukutani, mtu mzima anayekata mabomba ya shaba kila siku, hawezi kutazama sindano. Saa moja kamili Mama akachoma. Kisha, badala ya kutoka, akakaa nasi. Akamuuliza Barafu kama amekula, na alama ya kuuliza ikasikika vizuri sana, nadhani aliikazia makusudi.

*

Ijumaa walinilaza saa moja asubuhi, nikaamka saa moja na nusu nikidhani bado hawajaanza. Walikuwa wamemaliza. Daktari alisema mengi yametoka, ila atanipigia mchana baada ya maabara kuyachagua, kwa sababu yanayogandishwa ni yale yaliyokomaa tu. Mama alimsimamisha mlangoni akamuuliza swali moja, kuhusu Jumatatu. Daktari akamwambia Jumatatu iko palepale, dawa zinaanza, hakuna kilichochelewa hata siku moja. Mama alishukuru kwa heshima. Halafu akaenda kukaa kwenye benchi la korido, akafunika uso kwa viganja, mabega yakamtikisika. Barafu alikaa karibu naye bila kusema kitu. Kwa kutosema kitu hana mpinzani.

Simu ilinikuta nyumbani, nimelala ubavu, chupa ya maji ya moto tumboni. Niliweka sauti ya wazi ili wote wasikie. Daktari alisema wamegandisha kumi na moja.

"Kumi na moja," akarudia Mama, kwa sauti ya mtu anayeandika.

Daktari, kwa kuwa hazunguki, akanikumbusha kwamba yai si mtoto. Hii ni nafasi, siyo ahadi. Mengine huenda yasifae siku hiyo ikifika. Na siku yenyewe siyo karibu. Kwanza dawa zangu zote ziishe, halafu madaktari waridhike, halafu ndipo tuzungumze. Nikamwambia nimeelewa. Nilimshukuru mpaka akaniaga yeye.

Mama alitoka kwenda kumpigia simu kila mtu anayemjua duniani. Barafu alikuja akakaa sakafuni kando ya kitanda, mgongo ukutani, kichwa chake usawa wa mkono wangu. Niliweka vidole kwenye nywele zake. Nilikuwa bado mgonjwa, Jumatatu bado inakuja, na bado nilikuwa naiogopa, lakini kifua changu kilikuwa kinapitisha hewa mpaka chini.

"Amesema baada ya miaka mingapi?" akauliza.

"Hakutaja. Niliwahi kusoma miwili, mitatu. Wengine wanangoja mitano."

Akafikiri. Nikamsikia anahesabu kimoyomoyo, anavyofanya akikadiria kazi.

"Sawa," akasema. "Tuna muda."

Tangu siku uvimbe ulipoonekana, kila aliyenipenda alikuwa ananiharakisha. Wahi kupimwa, wahi kukatwa, wahi dawa, wahi mayai kabla ya dawa. Walikuwa na haki, na niliwahi kote. Ila kwa wiki zote hizo hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia hilo neno, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kulitumia.

Nikamwomba alirudie. Akalirudia. Nikamwamini, nikalala.